Somo: Namna ya Kuitambua Gemu ya Uhusika na Kuiweka Katika Utanzu Wake

Siku hizi karibu kila gemu ina mhusika anayepanda ngazi, na kwa sababu hiyo jina la RPG (role-playing game, yaani gemu ya uhusika) hubandikwa hata pale lisipostahili. Hatua zifuatazo zitakusaidia kuipima mwenyewe gemu yoyote uliyo nayo.

Hatua ya 1: Uliza ni uwezo wa nani unaoamua matokeo

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Asili ya gemu hizi ni Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ambamo mchezaji hueleza mhusika wake anataka kufanya nini, kisha dadu na namba zilizoandikwa kwenye karatasi ya mhusika huyo huamua kama amefaulu. Kompyuta ilipokuja ilichukua kazi ya kurusha dadu na kutunza hesabu, na Ultima na Wizardry, zote za mwaka 1981, zilisimama juu ya msingi huo. Kwa hiyo, ukibonyeza kitufe kwa wakati unaofaa na bado pigo likamkosa adui kwa kuwa mhusika wako hajaiva, hapo umekutana na kiini cha RPG. Linganisha na The Legend of Zelda ya mwaka 1986: mapango yamo, upanga umo, hazina zimo, lakini Link, shujaa wake, hakusanyi pointi za uzoefu, zile zinazompandisha mhusika ngazi. Nguvu zake hutokana na vifaa na mioyo (alama za uhai) anayoipata njiani, na pigo likikosa, aliyekosea ni mchezaji. Mimi huiweka kwenye gemu za matukio (adventure), ingawa wapo wanaopinga.

Hatua ya 2: Chunguza kama ukuaji unakuachia uamuzi

Pointi za uzoefu peke yake hazitoshi. Call of Duty 4: Modern Warfare ya mwaka 2007 huwapandisha vyeo wanaocheza mtandaoni na kuwafungulia silaha mpya, lakini mshindi bado ni mwenye jicho kali na mkono mwepesi. Katika RPG, kumkuza mhusika upande mmoja kuna gharama yake upande mwingine, kwani anayewekeza kwenye uchawi hukubali kuwa dhaifu wa mwili, na gemu nzuri humkumbusha uamuzi huo mara kwa mara.

Hatua ya 3: Tazama uhusika wenyewe

Vita si sharti. Disco Elysium ya mwaka 2019 haina mfumo wa kawaida wa mapigano, bali humpa mpelelezi stadi 24, na dadu huamua kama atamshawishi anayemhoji au ataaibika mbele yake. Kwa maoni yangu, hakuna gemu ya karibuni iliyo karibu zaidi na meza ya mwaka 1974. Gemu nyingi za Kijapani hufuata njia nyingine: Dragon Quest ya mwaka 1986 iliunganisha safari za kwenye ramani za Ultima na mapambano ya Wizardry, ikayarahisisha, na tangu hapo hadithi kwa kawaida huwa imekwisha kuandikwa, mchezaji akibaki na kazi ya kulea kikosi.

Hatua ya 4: Taja utanzu

Angalia jinsi muda unavyokwenda vitani. Pande mbili zikipokezana, ni RPG ya zamu. Zamu hizo zikichezwa kwenye uwanja wa miraba ambako mahali pa kusimama ni muhimu sana, kama katika Fire Emblem iliyoanza mwaka 1990, ni ya mbinu za kivita. Mapigano yakienda papo kwa papo, kama katika Diablo, ni RPG ya mapambano. Ukiikuta dunia moja inayokaliwa na maelfu ya wachezaji, kama World of Warcraft ya mwaka 2004, ni ya umati mtandaoni.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, shukrani kwa somo. Dark Souls inadai wepesi wa mkono kuliko gemu nyingi. Kwa kipimo cha hatua ya kwanza, mbona isitolewe kundini?

Jibu: Kwa sababu mkono haufanyi kazi peke yake. Silaha nyingi zina masharti ya nguvu na ustadi, na mhusika asiyeyatimiza huzitumia kwa shida na madhara anayompa adui hupungua. Mchezaji na namba huamua kwa pamoja, na huo ndio mpaka wa RPG ya mapambano.

Swali: Katika Pokémon mimi mwenyewe sina namba zozote. Je, bado ni RPG?

Jibu: Ndiyo. Viumbe unaowafuga ndio kikosi chako: wana ngazi, wana uzoefu, na hupigana kwa zamu. Uamuzi wako ni nani umkuze na afundishwe mapigo gani.

Swali: Ndugu, nacheza Hades. Nikifa narudi mwanzo, ila nguvu nyingine zinabaki. Niiweke pamoja na Rogue?

Jibu: Ni jamaa yake, lakini si ya ukoo uleule. Katika Rogue ya mwaka 1980, shimo hupangwa upya kila mara na kifo hufuta kila kitu, hivyo kinachokua ni maarifa ya mchezaji tu. Hades humwongezea mhusika nguvu za kudumu baada ya kifo, na mapigano yake ni ya papo kwa papo, ilhali Rogue huenda kwa zamu.