Krosi za hafu shafti za alumini: namna ya kuchagua bila kuua shafti yenyewe

Wakuu, wengi tuliokulia gereji za Dar krosi, yaani kile kiungo cha umbo la msalaba kinachoacha shafti izunguke huku imepinda, tunaijua ya propela (shafti ndefu ya kupeleka nguvu kwenye difu), ile ya Canter au Land Cruiser, chuma kwa chuma, imekufa unaigonga nyundo inatoka unatia nyingine unapampu grisi safari inaendelea. Sasa mi nipo Ohio huku Marekani, nimejinunulia Corvette C4 iliyozeeka, hizi zilitengenezwa kuanzia modeli ya 1984 mpaka 1996, na siku ya kwanza kuingia chini ya uvungu wake nikaona ile nyundo niiweke mbali kabisa. Hafu shafti za nyuma, zile fupi za kutoka difu kwenda kwenye tairi, ni alumini. Krosi ni chuma. Hapo ndipo kazi inapoanzia, maana krosi ni spea ya bei ndogo ila shafti ukiichakaza masikio yake, yale ya mwishoni yenye matundu ya kushika krosi, unaanza kuzunguka kwa wavunja magari.

Kwanza uelewe gari lenyewe. C4 haina eksoli ya nyuma ya kipande kimoja, difu imefungwa kwenye bodi na kila upande inatoka hafu shafti moja yenye krosi mwanzo na mwisho, kwa hiyo nyuma tu una krosi nne, bado mbili za propela. Halafu hiyo hafu shafti haizungushi tairi tu, yenyewe ndiyo mkono wa juu wa suspensheni, ndiyo inashika tairi lisimame wima. Krosi ikiachia, tairi linakosa cha kulishika juu. Ndo maana mi krosi ya pale siichukulii poa.

Dalili zake zile zile za siku zote: ukitoa D kwenda R unasikia "kong", ukitembea polepole kuna kamlio kama ndege anayelia kwa mbali na kanaongezeka spidi ikipanda. Piga jeki nyuma, weka stendi, gia iwe nyutro, shika shafti kwa mikono miwili uitikise juu chini na kuizungusha huku na huku. Haitakiwi kucheza hata kidogo. Afu mulika tochi kwenye sili za vikombe, vile vifuniko vinne vya kwenye ncha za krosi, ukiona duara la unga wa kahawia kama ugoro, hiyo ni kutu ya sindano za ndani (vile vyuma vyembamba vya beringi), grisi ilishakwisha zamani.

Sasa kuchagua. Kitu cha kwanza mi naangalia ni vikombe vimepakwa nini. Chuma na alumini zikigusana afu katikati pakaingia maji yenye chumvi, unakuwa umetengeneza betri, na kwenye hiyo betri anayeliwa ni alumini. Huku kwetu msimu wa baridi barabara zinamwagwa chumvi kuyeyusha barafu, maji yale yanarushwa moja kwa moja kule nyuma. Shafti yangu ya kulia nilipotoa krosi ya zamani, tundu lilikuwa na unga mweupe umegandamana kama magadi, nikaufuta na kitambaa chini yake kuna vishimo vidogo vidogo, nashukuru havikuwa virefu. Krosi ile aliyeiweka mwenye gari wa kwanza au wa pili sijui, ilikuwa ya kawaida, chuma kitupu. Zipo krosi zinazotengenezwa mahsusi kwa shafti za alumini, Spicer wanazo, vikombe vyake vimepakwa kinga nje ili chuma kisigusane na alumini. Ukienda dukani sema wazi shafti ni ya alumini, maana muuzaji akisikia jina la gari tu anaweza kukupa ile ya kawaida inayolingana vipimo vyote, na ukiitazama hivi hivi huoni tatizo. Ukikosa kabisa yenye kinga, paka vikombe grisi nyembamba ya kuzuia kugandana, ila usichukue ile yenye unga wa shaba, shaba na alumini ugomvi wao ni mkubwa kuliko wa chuma.

Cha pili vipimo, hapa watu wengi wanaumia. Usiagize kwa picha. Chukua venia, kile kipimo cha milimita chenye taya, upime kipenyo cha kikombe na upana wa krosi kutoka mwisho wa kikombe mpaka mwisho wa kikombe cha upande wa pili. Krosi za Kimarekani zina namba za saizi, 1310 ina kikombe cha milimita 27 na upana 81.8, 1330 kikombe ni hicho hicho 27 ila upana 92.1, afu 1350 upana ni huo huo 92.1 ila kikombe 30.2. Umeona mtego? Jamaa yangu mmoja aliagiza ya pikapu lake kwa kujaribu kikombe tu, kimeingia laini kwenye yoki (ile panda yenye masikio mawili) akafurahi kinoma, kumbe kaletewa 1310 na gari linataka 1330, krosi inacheza katikati karibu sentimita nzima na saklipu, ile klipu ya kuzuia kikombe kisitoke, haina cha kubana. Siku imepotea, na shafti iko mezani. Pima pande zote mbili za krosi pia, kuna krosi za kuunganisha saizi mbili tofauti, upande huu namba hii upande ule namba nyingine, na gari lililopita mikono mingi usishangae kukuta fundi aliweka dude kama hilo.

Saklipu nazo angalia zinakaa wapi. Zingine zinakaa nje ya sikio la yoki juu ya kikombe, zingine zinakaa kwa ndani kwenye mfereji wa kikombe chenyewe. Kuna na zile za GM za kiwandani ambazo hazina saklipu, walisukumia plastiki ya moto kupitia kitundu ikaganda, hizo ukizibana kwenye presi plastiki inakatika na krosi mpya inakuja na saklipu za ndani.

Haya, nipeli (kile kichuchu cha kupampia grisi) au bila nipeli. Ubishi wa hii kitu hauishi. Krosi yenye nipeli imetobolewa ndani ili grisi ipite, kwa hiyo mwili wake umepungua nguvu kidogo kuliko ile iliyojaa chuma yenye sili za kudumu. Ningekuwa Dar na pikapu la kubeba mchanga ningechukua yenye nipeli bila kujiuliza, maana tope na maji unayasukuma nje kwa grisi mpya kila wiki kadhaa. Kwenye C4 mi nimeweka zisizo na nipeli, sababu najijua, sitaingia chini ya uvungu kila mara na bomba la grisi, na krosi yenye nipeli isiyotiwa grisi ni hasara mara mbili. Ukiamua ya nipeli basi ifunge nipeli ikae kwenye kona inayobanwa gari likivuta mbele, sio kona inayovutwa, maana ufa unaanzia kwenye kitundu hicho, na kabla hujafunga hakikisha mdomo wa bomba la grisi utaufikisha pale shafti ikiwa garini.

Kwenye kufunga niseme machache tu. Kabla hujatoa shafti tegemeza habu ya tairi kwa jeki au kamba, si nimesema shafti ndiyo mkono wa juu, ukiitoa kila kitu kinalala. Masikio ya alumini usiyagonge kwa nyundo ya chuma, tumia presi au vaisi na soketi mbili, moja ya kusukuma moja ya kupokea. Kikombe kikigoma pasha moto kidogo kwa hita gan, ile mashine ya kupuliza hewa ya moto, alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma kwa hiyo tundu linaachia, ukifika joto la maji ya kuchemka inatosha, tochi ya gesi usiilete hapo kwa sababu alumini haibadiliki rangi kukuonya, unaiua nguvu yake huku inakutazama tu. Wakati wa kusukuma kikombe kipya chungulia sindano, moja ikilala chini ndani ya kikombe, kikombe hakifiki mwisho, na ukilazimisha ndo sikio linapinda.

Ukimaliza izungushe krosi kwa mkono, itembee laini kote bila kushika mahali. Ikiwa nzito gonga kwa nyundo ya plastiki taratibu kwenye yoki, saa nyingi ni kikombe kimebanwa upande mmoja na kinarudi mahali pake. Bolti na mikanda inayoshika vikombe kwenye yoki za difu na habu nunua mpya, kaza kwa toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, afu ukishatembea kilomita mia hivi rudi chini uzikague tena.