Namna ya Kulifuatilia Jibu la Serikali Katika Taarifa Rasmi za Bunge: Mfano wa Maji Yenye Floraidi, Arumeru

Ninafanya kazi ya usaidizi wa kisheria hapa Arusha, na mara kwa mara huketi mbele ya meza yangu mtu mwenye uhakika kwamba waziri aliahidi jambo fulani bungeni. Wa karibuni alikuwa katibu wa jumuiya ya watumia maji kutoka Arumeru, kwenye mitelemko ya Mlima Meru, ambako maji yana floraidi, madini ambayo yakizidi huharibu meno na mifupa. Alitoa kwenye mfuko wa shati karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye maneno aliyoyanakili kutoka kwenye ujumbe wa simu, akaniambia, “Mama, hili la floraidi lilishasemwa bungeni, tunachotaka ni kuandikiwa barua tu.” Nikamuuliza, “Lilisemwa lini, mzee wangu, na nani, akijibu swali gani?” Karatasi haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo vitatu, na barua isiyo na vitu hivyo hujibiwa kwa urahisi mno, kama inajibiwa. Mwongozo huu unaeleza njia tuliyoipita pamoja, kwa sababu inafaa kwa barabara, zahanati, mgogoro wa ardhi au jambo lolote lingine ambalo serikali imewahi kulijibu mbele ya wabunge.

Hatua ya 1: Liandike jambo lako kwa sentensi moja

Kabla ya kufungua kompyuta, andika unatafuta nini, mahali gani, na kwa makadirio ya miaka ipi. Sisi tuliandika: “Serikali imesema itafanya nini kuondoa floraidi katika maji ya kunywa ya Arumeru, na ilisema lini?” Baada ya hapo jiulize ni wizara gani ingejibu katika miaka hiyo. Hapa wengi hupotea, kwa kuwa majina ya wizara na taasisi hubadilika. RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, imeanzishwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, hivyo ukiitafuta katika majadiliano ya mwaka 2016 hutaiona, ilhali miradi ya maji vijijini ilizungumzwa sana mwaka huo kupitia halmashauri na wizara iliyoitwa ya Maji na Umwagiliaji. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, nayo ilianza mwaka 2017. TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, ilikuwa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu hadi mwishoni mwa mwaka 2015, kisha ikahamia Ofisi ya Rais. Taja pia jimbo: Arumeru ni majimbo mawili, Mashariki na Magharibi, na mbunge wa lile la pili anaweza kuwa ndiye aliyeuliza swali unalolihitaji.

Hatua ya 2: Jua taarifa zilivyopangwa

Majadiliano ya kila siku huandikwa neno kwa neno na kutolewa kama Taarifa Rasmi, ambayo wengi huiita Hansard kwa jina la familia ya wachapaji wa London wa karne ya 19. Kwa Bunge letu, faili za PDF hupatikana katika tovuti ya Bunge, bunge.go.tz, na viungo vingi vya zamani bado vina anwani ya parliament.go.tz. Faili moja ni la kikao kimoja, yaani siku moja. Vikao kadhaa vinavyofuatana hufanya Mkutano, na Mikutano ya miaka mitano, tangu uchaguzi mkuu mmoja hadi mwingine, hufanya Bunge moja. Bunge la 11 lilianza Novemba 2015, na la 12 Novemba 2020.

Hesabu ya Mikutano huanza upya kila Bunge jipya linapoanza. Mkutano wa Tatu wa Bunge la 11 ulikuwa wa bajeti ya mwaka 2016, na Mkutano wa Tatu wa Bunge la 12 ulikuwa wa bajeti ya mwaka 2021. Mtu anayekuandikia “Mkutano wa Tatu, Kikao cha Kumi” bila kutaja Bunge wala tarehe hajakuelekeza popote.

Ikiwa huna tarehe kabisa, anza na Mkutano wa bajeti, ambao mara nyingi huanza mwanzoni mwa Aprili au siku chache kabla yake na kumalizika mwishoni mwa Juni. Ndio mrefu kuliko yote, na ndimo kila waziri huwasilisha makadirio ya wizara yake na wabunge humbana kwa mambo ya majimboni kwao.

Hatua ya 3: Tafuta kwa akili ya Kiswahili

Pakua faili kwanza, usilisome moja kwa moja mtandaoni, maana faili la siku moja huweza kuzidi kurasa mia moja na mtandao ukikatika utaanza upya. Kisha fungua sehemu ya kutafutia maneno: kwenye kompyuta bonyeza Ctrl pamoja na F, na kwenye simu gusa alama ya lenzi katika programu ya kusomea PDF. Kama hakuna neno lolote linalopatikana, hata neno “Spika”, basi faili hilo ni picha za kurasa tu, na itakubidi ulisome kwa macho.

Sasa ukiandika “maji” utapata mamia ya matokeo, kwa sababu kompyuta itakuletea pia majibu, majimbo, majina na majiji, na hakuna ukurasa wa Bunge usio na neno “majibu”. Andika “ya maji” au “wa maji”, ukiacha nafasi kati ya maneno, na matokeo yatapungua mara moja. Vitenzi navyo vitafutwe kwa mzizi. Ukiandika “imetenga” utakosa “ilitenga”, “zimetengwa” na “zilizotengwa”. Ukiandika “teng” utayapata yote, pamoja na machache usiyoyataka kama “tengeneza”. Vivyo hivyo “kamilik” hukuletea kukamilika, umekamilika na utakapokamilika.

Neno la kigeni ni mtihani wa peke yake. Floraidi huandikwa floraidi, floridi, au “fluoride” kwa tahajia ya Kiingereza, na mchapaji aliyechoka huandika “flouride”. Tafuta kila tahajia kivyake, na uongeze maelezo ambayo msemaji angeyatumia bila kulitaja neno lenyewe, kama vile “meno” au “mifupa”. Jina la mahali lisilo la kawaida husaidia kuliko neno la jumla. Kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kipo Ngurdoto, na jina hilo lilitupeleka karibu na jambo letu haraka kuliko neno lolote la kitaalamu, ingawa ilitubidi kuyaacha matokeo yanayohusu kreta ya Ngurdoto na utalii.

Kisha kuna ritifaa, yaani ile alama iliyo katika ng'. Katibu aliponiomba nitafute King'ori, kompyuta ilisema hakuna, naye akainamisha kichwa akiamini kwamba eneo lao halijawahi kutajwa siku hiyo. Niliinakili alama ileile kutoka ndani ya faili, ile iliyopinda kama mkia, badala ya ile iliyonyooka ya kibodi yangu, na jina likatokea. Kompyuta huzihesabu kuwa herufi mbili tofauti. Fanya hivyo kwa Mang'ola na kwa kila jina lenye ng', na usiseme jambo halipo mpaka umejaribu alama zote mbili. Jihadhari pia na maneno yaliyokatwa kwa kistari mwishoni mwa mstari. Ukitafuta kipande cha neno, mathalani “doto”, huenda ukalinasa lililokatwa.

Hatua ya 4: Soma kutoka kichwa cha swali, si kutoka neno lililowaka

Neno likipatikana, panda juu hadi kichwa cha sehemu hiyo. Swali la msingi huwa na namba, kichwa cha habari, jina la mbunge na neno “aliuliza”, na mara nyingi huanza kwa “Je, ni lini Serikali”. Jibu hufuata chini ya cheo cha waziri au naibu wake, likianza kwa utangulizi unaomtaja Spika na kuishia na neno “ifuatavyo” kabla ya kuingia kwenye maudhui. Waziri hurudia swali au hali aliyoelezwa kabla hajaijibu, na mtu mwenye haraka huweza kulichukua lalamiko la mbunge akadhani ni kauli ya serikali. Nimewahi kufanya kosa hilo katika barua niliyoiandikia kikundi kingine: niliweka kinywani mwa waziri maneno ambayo mbunge ndiye aliyeyasema, na ofisi iliyoipokea ilitujibu kwa sentensi moja ya kutusahihisha. Kikundi kilipoteza miezi. Tangu hapo huandika pembeni mwa kila nukuu jina la aliyesema kabla ya kuandika alichosema.

Usiishie kwenye jibu la msingi. Maswali ya nyongeza yanayofuata hujibiwa papo hapo, na humo ndimo waziri hutaja mwezi, kiasi cha fedha au jina la kijiji ambalo halikuwa katika jibu lililoandaliwa. Ukiona mabano yenye Makofi au Kicheko, yapite. Ukiona mabano yanayosema kwamba maneno fulani si sehemu ya Taarifa Rasmi za Bunge, usiyatumie kama ushahidi.

Hatua ya 5: Pima kitenzi

Kitenzi ndicho ninachokikagua kwa muda mrefu zaidi, na ndicho nilichomwomba katibu akisome kwa sauti mara mbili. Kati ya “Serikali imetenga”, “Serikali itatenga”, “Serikali inatarajia kutenga” na “Serikali itaendelea kutafuta fedha” kuna umbali mkubwa, japokuwa mkutano wa kijiji unaweza kuzipigia makofi kauli zote nne kwa nguvu ileile. “Imetenga” ina mwaka wa fedha na kifungu katika kitabu cha bajeti, kwa hiyo inaweza kukaguliwa. “Itatenga” ni ahadi, nayo ina thamani ikiwa imetajiwa mwaka. “Inatarajia” ni nia. “Itaendelea kutafuta” maana yake ni kwamba siku hiyo fedha hazikuwapo. Na maneno “kadri ya upatikanaji wa fedha”, yakifuata kitenzi chochote kati ya hivyo, huondoa tarehe hata kama tarehe ilitajwa.

Angalia pia tofauti kati ya kutengwa na kutolewa. Bunge huidhinisha makadirio. Hazina hutoa fedha baadaye, na si lazima zitoke zote. Maneno “upembuzi yakinifu” (kuchunguza kama mradi unawezekana), “usanifu wa kina”, “kumpata mkandarasi” na “utekelezaji” ni hatua za mradi zinazofuatana, kwa hiyo ukijua jibu la mwaka fulani limesimama kwenye hatua ipi, unaweza kulilinganisha na la mwaka unaofuata.

Karatasi ya katibu ilisema maji salama “yataletwa”. Kifungu tulichokipata hatimaye hakikuwa na kitenzi hicho. Kilieleza utafiti na usanifu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi tulikuwa tunadai kitu ambacho hatukuahidiwa, na kile tulichoahidiwa hatukukidai.” Barua ikabadilika pale pale: badala ya kuuliza maji yako wapi, ikauliza usanifu uliotajwa tarehe hiyo umefikia wapi na nakala yake ipo ofisi gani.

Hatua ya 6: Lifuate jibu kwenda mbele

Ukurasa mmoja hautoshi. Chukua tarehe ya jibu, kisha fungua hotuba ya bajeti ya wizara husika katika Mkutano wa bajeti unaofuata, na ule wa baada yake. Makadirio hupangwa kwa mafungu: Wizara ya Maji ni Fungu 49, Mkoa wa Arusha ni Fungu 70 na Kilimanjaro ni Fungu 75. Soma hotuba ya waziri, taarifa ya Kamati ya Bunge inayosimamia sekta hiyo, kisha mjadala wa Kamati ya Matumizi, ambapo wabunge hupitia kifungu kwa kifungu. Kamati husema mambo ambayo hotuba huyapita, hasa kiasi cha fedha zilizopokelewa kikilinganishwa na zilizoidhinishwa. Ongeza ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambayo kwa mujibu wa Ibara ya 143 ya Katiba hufikishwa bungeni.

Tengeneza jedwali dogo la mkono lenye tarehe, msemaji, kitenzi na kiasi. Ukilijaza kwa miaka minne au mitano, utaona kama jambo linasogea au linarudia maneno yaleyale.

Hatua ya 7: Nukuu kwa ukamilifu, kisha uitumie

Taja Bunge, Mkutano, Kikao, tarehe, namba ya swali na ukurasa. Nakili maneno kama yalivyo, pamoja na lile sharti la upatikanaji wa fedha hata kama linakuumiza, maana mpokeaji atafungua faili lilelile. Chapisha ukurasa wa kwanza wa kikao pamoja na kurasa zenye swali na jibu, usikate katikati.

Barua ielekezwe kwa ofisi yenye jukumu, nakala kwa mbunge na kwa diwani. Kama unachohitaji ni nyaraka, kama ule usanifu wetu, iandike kuwa ombi la taarifa chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inampa raia haki ya kuomba na kuitaka mamlaka ijibu ndani ya siku 30. Tunza uthibitisho wa siku barua ilipopokelewa. Mhuri kwenye nakala yako unatosha.

Katibu aliondoka na karatasi sita zilizobanwa pamoja kwa mpangilio wa tarehe, swali la zamani likiwa juu na barua mpya chini. Ile iliyokunjwa mara nne aliiacha mezani kwangu.