Mbwa wa ulinzi na watoto ndani ya uzio mmoja: hatua za kufuata

Mwongozo huu ni wa nyumba za kawaida za mijini kwetu Tanzania: geti, ukuta, banda la mbwa nyuma ya jiko, dada wa kazi, watoto wawili watatu wanaorudi shuleni alasiri. Kazi yangu ni kutibu mbwa na kuwafundisha. Watoto wengi ninaoletewa habari zao wameng'atwa na mbwa wanayemjua, wa kwao au wa jirani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya hatua hizi inahusu kupanga uwanja na ratiba ya nyumba, maana huko ndiko ajali inakoanzia.

Hatua ya 1. Mchague mbwa kwa kumtazama

Wengi huja wakitaka "mbegu isiyong'ata watoto". Mbegu hiyo haipo. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Marekani uliokusanya maelezo ya mbwa zaidi ya 18,000 na kupima vinasaba vya zaidi ya 2,000 kati yao. Mbegu ilieleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Waingereza nao walijaribu njia ya kukataza mbegu kwa majina. Sheria yao ya mwaka 1991 ilipiga marufuku pit bull, Tosa, Dogo Argentino na Fila Brasileiro, na XL Bully akaongezwa mwishoni mwa 2023. Hata hivyo kati ya 1998 na 2018 watu wazima waliolazwa hospitalini huko England kwa kung'atwa na mbwa waliongezeka sana, na kwa watoto hali haikupungua.

Mbegu ina maana yake, lakini ni katika ukubwa wa jeraha. Boerboel wa Afrika Kusini anaweza kupita kilo 70. Hasira ile ile inayomfanya mbwa wetu wa kienyeji aache alama za meno kwenye mkono wa mtoto, kwa Boerboel inavunja mfupa. Kama una mtoto wa chini ya miaka sita, ushauri wangu ni kumwacha mbwa mzito mpaka mtoto akue, hata kama muuzaji anaapa kwamba ni mpole.

Nenda kwa muuzaji ukamwone mama wa watoto wa mbwa anaowauza. Mama anayejificha au anayekurukia kwa hasira anakwambia mengi kuliko karatasi za ukoo. Mchukue mtoto wa mbwa akiwa na wiki nane au zaidi, anayekuja mwenyewe kukunusa. Wale wa wiki nne wanaouzwa kwenye maboksi kando ya barabara waache. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ndipo mbwa anapojifunza kwamba watu, sauti na watoto ni mambo ya kawaida, na aliyepitisha muda huo gizani kwenye banda huwa mwoga. Mbwa mwoga ndiye anayeng'ata.

Mbwa mkubwa wa ulinzi usiyejua alikotoka usimlete kabisa kwenye nyumba yenye watoto wadogo.

Hatua ya 2. Weka mpaka, kisha weka utaratibu wa ufunguo

Usimfunge mbwa mnyororo kutwa. Mbwa aliyefungwa hana pa kukimbilia mtoto anapomsogelea, na asiyeweza kukimbia hubakiwa na meno. Badala yake mjengee eneo lake kwa seng'enge imara au matofali, lenye kivuli, maji na nafasi ya kutembea. Liwe mbali na njia ya chooni, kamba ya nguo na geti, sehemu ambazo watoto hupita kila saa. Komeo la mlango liwe juu, mtoto asilifikie. Kama matundu ya seng'enge yanapitisha kidole au kijiti, ongeza bati upande ambao watoto huchezea.

Zingatia geti pia. Watoto wa mtaani wakienda shule hurusha mawe na kupiga geti kwa fimbo ili wamsikie mbwa akibweka. Mbwa huyo hawezi kutofautisha sare ya mtoto wako na sare ya aliyemrushia jiwe. Ziba chini ya geti kwa bati asiwaone wapitaji, utaona kelele zinavyopungua.

Kisha ratiba. Nyumba nyingi humfungia mbwa mchana na kumwachia usiku, na hatari kubwa iko alfajiri: dada anadhani mlinzi ameshamfungia, mlinzi anadhani dada amefanya hivyo, mtoto anatoka na begi lake. Tumia kufuli moja, ufunguo mmoja na msumari mmoja kwenye mlango wa jikoni. Ufunguo ukining'inia msumarini, mbwa amefungiwa bandani. Ufunguo usipokuwepo, hakuna mtoto anayetoka. Mtu mmoja tu, mwenye jina linalojulikana na wote, ndiye anayeutundika.

Hatua ya 3. Wakutanishe polepole

Mtu mzima ashike kamba, mtoto akae chini, mbwa aje mwenyewe. Usimsukume mtoto kwa mbwa wala kumvuta mbwa kwa mtoto. Mbwa akikaa kwa utulivu mpe kipande cha ini lililochemshwa au dagaa, halafu muachane kabla yeyote hajachoka. Dakika chache kila siku zinatosha.

Mfundishe "kaa", "njoo" na "acha", na nyumba nzima itumie maneno hayo hayo. Usimpige. Na tafadhali, ile imani ya kumlisha mbwa pilipili au bangi ili awe mkali: unachopata ni mbwa mwenye maumivu ya tumbo au aliyechanganyikiwa, na aliye karibu naye zaidi ni mtoto wako.

Hatua ya 4. Jifunze kusoma mwili wake

Watu husema "aling'ata ghafla". Mara nyingi mbwa alishasema, ila kwa mwili. Kwanza hugeuza kichwa pembeni, hupiga mwayo ingawa hana usingizi, hulamba midomo ingawa hakuna chakula. Hapo anaomba nafasi. Mtoto akiendelea, mbwa hurudisha masikio nyuma, hukunja mkia katikati ya miguu, na unaona weupe pembeni mwa jicho. Halafu anakakamaa. Mbwa aliyekuwa akihema akafunga mdomo na kuganda ni wa kumwondoa mtoto sasa hivi, kwa utulivu, bila kupiga kelele.

Mkia nao huwadanganya wengi. Mkia laini unaotikisika pamoja na kiuno ni furaha. Mkia uliosimama juu, mgumu, unaotetemeka haraka ni onyo.

Akinguruma usimchape. Ukimchapa ataacha kunguruma lakini hasira itabaki pale pale, na safari nyingine atang'ata bila kutoa taarifa. Mwondoe mtoto, kisha tafuta kilichomkera.

Hatua ya 5. Watoto nao wana masharti

Wasimguse mbwa akila, akilala, akinyonyesha, akiwa bandani au akiwa na mfupa. Wasimkumbatie wala kumpanda mgongoni. Picha ya mtoto amemkumbatia mbwa shingoni huwa inanitisha, maana uso wa mtoto uko kwenye meno. Mbwa asiyemjua akimjia, mtoto asikimbie. Asimame wima, mikono kifuani, atazame chini. Akiangushwa ajikunje na kufunika shingo na masikio.

Masharti haya hayatoshi kwa mtoto wa miaka mitatu. Yeye ni wa kuangaliwa tu. Na siku za Idi au Krismasi, binamu wakijaa uwanjani, mbwa akae bandani tangu asubuhi.

Hatua ya 6. Sindano

Sindano ya kichaa cha mbwa aipate akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka, kwa daktari wa mifugo au ofisa mifugo wa kata. Tunza kadi. Dawa ya minyoo ni muhimu pia, kwani baadhi ya minyoo ya mbwa huwaingia watoto wanaocheza mchangani. Kumhasi dume hupunguza kuzurura, lakini hakuondoi woga.

Hatua ya 7. Mtoto aking'atwa

Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Sabuni ya mche inafaa. Usipake majivu, mafuta ya taa wala kitunguu. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo na hata kama mbwa ana kadi, daktari ndiye aamue. Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza siku hiyo, na dozi nyingine hufuata siku ya 3, ya 7 na kama atakavyoelekezwa. Kidonda kirefu au cha usoni huenda kikahitaji pia dawa ya kinga inayochomwa pale kwenye jeraha. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila anayeugua hufa. Makadirio ya kimataifa ni vifo 59,000 hivi kwa mwaka, vingi Asia na Afrika.

Watoto huficha mkwaruzo wakiogopa kuchapwa kwa kumchokoza mbwa. Waambie mapema kwamba kwa jambo hili hakuna kuchapwa.

Mbwa usimuue. Mfungie siku 10 akiangaliwa na daktari wa mifugo. Akiwa na kichaa dalili zitajitokeza. Matibabu ya mtoto hayasubiri siku hizo. Mbwa akifa, usimzike kabla ofisi ya mifugo haijaarifiwa, kwa sababu kipimo hufanywa kwenye ubongo.

Mbwa akimaliza siku 10 salama, bado una uamuzi. Mbwa aliyeng'ata mtoto hadi kutoboa ngozi, kwenye nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka sita, mimi hushauri ahamie pasipo watoto. Usimuuze kwa sifa ya upole. Mweleze anayemchukua kwamba aling'ata, aling'ata nani na katika hali gani, kisha mkabidhi kadi ya sindano.