Ukiona mchezaji wako kaonewa kwenye sketingi ya barafu: jinsi ya kuwakagua majaji ukiwa Mwanza na simu yako tu

Tuelewane kwanza, hii naiandika kwa yule anayefuatilia sketingi akiwa huku Kanda ya Ziwa ambako barafu tunayoijua ni ile ya kuwekea sangara, na keshachoka kuona mtu anaruka wiki hii anakatwa halafu wiki mbili mbele mwenzake anaruka vile vile, tena pengine vibaya zaidi, na anamwagiwa maksi. Ukilalamika kwa washkaji wa mpira wanakucheka, wao angalau wana refa mmoja wa kumzomea. Sisi tuna watu 12 na hatujui hata nani kafanya nini.

Ndo maana cha kwanza kabisa ni kujua nani kafanya nini. Hapa mashabiki wengi wanachemka, wanamtukana jaji kwa kosa ambalo hata hakuligusa.

Pembeni ya uwanja kuna makundi mawili. La kwanza ni paneli ya ufundi, watu 3: mtaalamu, mtaalamu msaidizi na mkaguzi wao. Hawa hawatoi maksi. Wao wanasema kilichorukwa ni nini, mzunguko umetimia au haujatimia, bledi (kile chuma chini ya kiatu) imeegemea upande gani, spini ni levo ya ngapi. La pili ndo majaji wenyewe, kwenye mashindano makubwa wanakuwa 9, wanatoa alama ya ubora kuanzia -5 mpaka +5 kwa kila kitu mchezaji alichofanya, kwenye karatasi utaiona imeandikwa GOE, halafu mwisho wa programu (onyesho lake zima) wanatoa alama tatu za jumla ambazo ni utunzi, uwasilishaji na ufundi wa kuteleza, kila moja ukomo wake ni 10. Zamani za jumla zilikuwa tano, zimekuwa tatu kuanzia msimu wa 2022/23.

Kwa hiyo ukiona kaonewa jiulize kaonewa wapi. Kwenye mzunguko? Kwenye ubora? Au kwenye zile tatu? Ukishapata jibu ndo uendelee kusoma.

Sasa shusha karatasi ya alama. Kila shindano la ISU, shirikisho la sketingi la dunia, linatoa PDF yenye kila ruka, kila spini na kila jaji kaweka ngapi, haimalizi bando, hata kwa mtandao wa kusuasua inashuka. Kwenye mstari wa kila ruka kuna vialama vidogo na hivyo ndo vinabeba kesi nzima. q maana ake mzunguko umepungua robo kamili, hapo thamani ya ruka inabaki ila majaji wanatakiwa washushe GOE. < ni pungufu zaidi ya robo lakini haijafika nusu, hapo thamani yenyewe inabaki asilimia 80. << ni nusu au zaidi, ruka linahesabiwa kama la mzunguko mmoja chini. Herufi e ni kosa la upande wa bledi, na alama ya mshangao ni kwamba upande hauko wazi.

Tupige hesabu moja uone uzito wake. Kuna ruka linaitwa Lutz, ya mizunguko mitatu thamani yake ni 5.90. Kila hatua moja ya GOE ni asilimia 10 ya thamani. Tuseme majaji 9 wameweka 3, 3, 4, 3, 2, 3, 3, 5, 3. Ya juu kabisa inatupwa, ya chini kabisa inatupwa, zinabaki saba jumla 22, gawa kwa saba unapata 3.14, zidisha kwa 0.59, inakuja 1.85. Huyo kapata 7.75. Haya, Lutz ile ile paneli ikiigonga <, thamani inashuka mpaka 4.72, na majaji wakiona kile kialama wakaweka -2, anabaki na 3.78. Karibu pointi 4 zimeondoka kwenye ruka moja, na jaji wa watu hapo kafuata tu alichoambiwa na paneli. Ukimtukana jaji namba 6 kwa hilo unamwonea.

Kukagua mzunguko mwenyewe inawezekana hata kwa simu ya kawaida. Tafuta video, weka spidi ya chini kabisa, 0.25, sogeza mpaka bledi inapogusa barafu kwa mara ya kwanza halafu simamisha. Maruka yote yanatua kinyumenyume. Kwa hiyo kama bledi imeshaelekea nyuma kwa njia anayoteleza, ametimiza. Kama imekaa ubavu, hiyo ni robo, hapo ndo ugomvi ulipo. Kama bado inatazama mbele, jamani hiyo ni nusu, usimtetee. Angalia mguso wa kwanza, sio pale anapokuwa amesimama vizuri, maana wengi wanamalizia kuzunguka wakiwa tayari wako chini na macho yanadanganyika. Na kwa ruka la Axel usisahau, yenyewe ndo pekee inaondoka kwa mbele, kwa hiyo Axel inayoitwa ya mizunguko mitatu ni mitatu na nusu.

Kwa Lutz na ruka linaloitwa flipu angalia kuondoka badala ya kutua. Lutz inaondokea ukingo wa nje wa bledi, flipu ukingo wa ndani. Watu wanaanza vizuri nje, halafu sekunde ya mwisho kabla ya kupiga meno ya bledi kwenye barafu kifundo kinalalia ndani, hapo anastahili e na mara nyingi anaachiwa. Piga skrinshoti. Piga na ya mwenzake aliyegongwa e siku hiyo hiyo. Weka mbili hizo pamoja ndo uongee.

Ila uwe na haki pia. Paneli inaangalia marudio kwa muda mfupi sana na mara nyingi kwa kona moja ya kamera, wakati we una kona tatu za TV na usiku mzima umelala Nyegezi na simu usoni. Kitu ambacho kona yao haikionyeshi hawawezi kukigonga. Hilo sio wizi, ni uzembe wa vifaa, na hilo ndo la kulilalamikia, kwa nini mchezo wenye hela zote hizo unaamuliwa kwa kona moja. Ila kona ikiwa ile ile, siku ile ile, wawili wametua ubavu sawasawa, mmoja q na mwingine hana kitu, hapo una kesi, tena nzito.

Sasa zile alama tatu za jumla. Wengi wanaziruka na kumbe maksi nyingi zinapotelea huko. Kwenye programu ndefu (ile inayofuata baada ya fupi) ya wanawake jumla ya zile tatu inazidishwa kwa 2.67, ya wanaume kwa 3.33. Maana ake majaji wakimwongezea mdada mwenye jina kubwa nusu pointi tu kwenye kila moja, ni 1.5 mara 2.67, pointi 4 hizo. Zaidi ya ile Lutz tuliyoilia pale juu! Na hamna slomo itakayokuonyesha, hamna skrinshoti, jaji anakwambia "mi nimeona uwasilishaji ulikuwa 9" basi yameisha. Njia pekee ya kuwabana ni kulinganisha mtu na yeye mwenyewe. Chukua karatasi zake za mashindano matatu ya msimu huo, angalia siku aliyoanguka mara mbili kapewa ngapi ufundi wa kuteleza na siku aliyomaliza safi kapewa ngapi. Kama namba haijasogea, basi wanalipia jina. Halafu mcheki na yule chipukizi anayetangulia barafuni kwenye kundi la kwanza, huyo hata ateleze kama malaika atakaa kwenye 7, majaji wanajibakizia nafasi kwa ajili ya wakubwa wanaokuja mwisho. Hayo ni maoni yangu, lakini fanya hiyo kazi halafu uniambie.

Usukumani hili tulishamalizana nalo zamani. Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya ngoma, wakikutana Bujora wanacheza ngoma muda mmoja, kila upande na uwanja wake, aliyevuta watu wengi ndo kashinda, hakuna PDF. Ila na kule malalamiko hayaishi, yanahamia tu kwenye dawa, nani kaweka nini ili umati uhame.

Turudi. Kabla ya kuangalia karatasi ya mtu yeyote, jitengenezee yako. Chukua kaunta buku, chora mistari, programu fupi ina vitu 7 vya kupigwa alama kwa mchezaji mmoja mmoja. Zima sauti ya mtangazaji, huyo ndo anakuharibu kuliko wote, akishasema "lo, vizuri sana" tayari umeshaongeza moja bila kujua. Andika GOE yako kabla ubao haujatoka, kwa kalamu, usifute. Kama unaweza kaeni wawili na kila mtu aandike ya kwake bila kuchungulia. Mtashangaa, ruka lile lile wewe una +3 mwenzako ana +1 na wote mko serious, na nyie sio Warusi wala Wafaransa, hamjalipwa na mtu. Hapo ndo utajua tofauti ya hatua mbili kati ya jaji na jaji ni kawaida. Tofauti ya hatua tano sio kawaida.

Ya hatua tano ukiiona nenda ukurasa wa paneli, umetaja jaji namba 1 ni nani na katokea nchi gani mpaka wa mwisho. Linganisha namba yake na bendera ya mchezaji. Hii raha tumeipata kuanzia 2016 tu, kabla ya hapo majina yalikuwa yamefichwa na nguzo za maksi zimechanganywa makusudi. Mchumi mmoja wa Marekani, Eric Zitzewitz, alichambua maksi hizi kwa miaka na akakuta majaji wanawapendelea wa kwao, na sio hivyo tu, mchezaji akiwa na jaji wa nchi yake kwenye paneli hata majaji wengine wanampandishia, kama vile kuna nipe nikupe. Na kuficha majina hakukusaidia chochote. Baada ya Olimpiki ya 2018 pale PyeongChang ISU yenyewe iliwafungia majaji wawili wa China kwa kuwapendelea wachezaji wao, ushahidi ukiwa ni hizo hizo namba ambazo hata we unaweza kuzishusha.

Wakongwe watakuletea Olimpiki ya Salt Lake City 2002, mashindano ya wawili wawili. Hiyo sawa, pale Warusi Berezhnaya na Sikharulidze walipewa dhahabu kwa majaji 5 kwa 4, jaji wa Ufaransa akasema alishinikizwa, mwisho Wakanada Salé na Pelletier nao wakapewa dhahabu yao na mfumo wa zamani wa 6.0, ambao maksi ya juu ilikuwa 6.0, ukatupwa. Na mtu mweusi yeyote anayependa mchezo huu atakuletea Surya Bonaly wa Ufaransa, mashindano ya dunia ya Chiba 1994, ameshindwa na Yuka Sato wa Japani 5 kwa 4, akagoma kupanda jukwaani halafu akaivua medali ya fedha shingoni mbele ya kamera. Mi namtetea mpaka kesho. Lakini kwa kubishana ile kesi ni ngumu, mfumo wa 6.0 haukuandika ruka kwa ruka, hakuna mstari wa kunyooshea kidole, kuna macho yako na macho ya majaji basi.

Linganisha na Olimpiki ya Sochi 2014 upande wa wanawake, Sotnikova wa Urusi 224.59, Kim Yuna wa Korea Kusini 219.11, watu takriban milioni 2 wakasaini malalamiko mtandaoni. Ukifungua karatasi ya programu ndefu unakuta alama za ufundi (maruka, spini na kadhalika) Sotnikova 75.54, Kim 69.69. Sotnikova alipanga maruka 7 ya mizunguko mitatu, Kim 6, kwa hiyo sehemu ya hilo pengo ni halali kabisa, acha kusema yote ni wizi. Halafu shuka kwenye alama za jumla: Kim 74.50, Sotnikova 74.41. Tofauti ya 0.09 kati ya Kim, bingwa wa Olimpiki iliyopita, na binti aliyekuwa bado hajawahi kupata medali ya dunia. Gombana hapo. Na ukitaka kuongeza pilipili, mmoja wa majaji alikuwa mke wa rais wa zamani wa chama cha sketingi cha Urusi.

Ukishakamilisha kesi yako iandike hivi: shindano gani, mchezaji gani, kitu namba ngapi, wamempa nini, kwa picha hii ilitakiwa iwe nini, na fulani siku hiyo hiyo kwa kosa hilo hilo kapewa nini. Mistari sita inatosha. Usimguse mchezaji aliyeshinda, yeye hakujipa maksi. Na usitegemee matokeo yabadilike kwa sababu sheria za ISU haziruhusu kupinga maamuzi ya majaji wala paneli, kinachopingwa ni hesabu kukosewa tu.

Pa kujifunzia kuzuri ni Junior Grand Prix, inaanza Agosti na ISU wanairusha bure YouTube, watoto bado hawana majina kwa hiyo hutambeba mtu. Grand Prix ya wakubwa inafuata Oktoba. Za Japani ni rahisi kwetu, saa 1 usiku yao ni saa 7 mchana huku, za Marekani zinaangukia alfajiri, kwa hizo nunua bando la usiku, chaji simu mapema umeme ukiwepo, na kaunta buku liwe karibu.