Mtoto wa pili yuko njiani Nairobi, nawe uko ng'ambo

"Nitume ngapi?" Hilo ndilo lililomtoka shemeji yangu aliye Leeds, Uingereza, siku mkewe, yaani dada yangu, alipompigia kumwambia kuwa mtoto wa pili yuko njiani. Mimi huandaa mishahara katika kampuni moja hapa Industrial Area, kwa hiyo katika ukoo wetu kila swali la makato, likizo na bima huishia kwangu. Nilimwambia asitume hata senti kwanza. Nilitaka karatasi tatu: hati ya mshahara ya mkewe, mkataba wake mwenyewe wa kazi, na masharti ya viza yake.

Kuna pesa inayofuata kazi, na kuna pesa inayomfuata mtoto. Malipo ya likizo ya uzazi hufuata kazi: ukiajiriwa Leeds, haki yako iko Leeds hata kama mtoto atazaliwa Pumwani hapa Nairobi. Posho ya mtoto humfuata mtoto: akilala mtaa wa Umoja, serikali ya Uingereza haimhesabu. Nimeona baba akihangaika miezi mingi na fomu za posho asiyoweza kuipata, huku likizo aliyostahili ikimpita.

Anza na kazi ya mama hapa Nairobi

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 29, inampa mama miezi mitatu ya likizo kwa mshahara kamili. Haiulizi ni mtoto wa ngapi. Likizo yake ya mwaka, ambayo ni siku 21 za kazi kwa uchache, haiguswi, kwa hiyo anaweza kuomba aiunganishe na ya uzazi akae na mtoto karibu miezi minne. Sheria inataka taarifa ya maandishi siku saba kabla. Mimi nashauri miezi miwili, tena kwa barua pepe, maana maneno ya kwenye korido hayana shahidi. Akirudi, anastahili kazi yake ileile au nyingine inayomfaa kwa masharti yasiyo duni kuliko ya awali. Na ujauzito si sababu halali ya kumfuta mtu kazi. Kifungu cha 46 kinasema hivyo waziwazi.

Mshahara wa miezi mitatu ndiyo ruzuku kubwa kuliko zote ambazo familia yako itapata Kenya. Posho ya mtoto kwa mwajiriwa hakuna. Nafuu ya kodi ni Sh2,400 kwa mwezi, uwe na watoto sita au huna hata mmoja. Kwa hiyo mwajiri akianza kusema "tutakulipa nusu, biashara ni mbaya," usikimbilie kuziba pengo kwa pauni zako. Kwanza mama ajibu kwa maandishi, akitaja kifungu.

Sasa SHA, bima ya afya ya serikali, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nimeumwa nayo. Tangu Oktoba 2024 ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Wa Sh60,000 hutoa Sh1,650 kila mwezi. Viwango vilivyotangazwa ni Sh10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na Sh30,000 kwa upasuaji. Hospitali nyingi za binafsi hutoza zaidi ya hapo, na tofauti hiyo ndiyo hasa unayopaswa kuitafuta wewe wa ng'ambo. Mama aombe makadirio ya maandishi kutoka hospitali mbili au tatu, ya kawaida na ya upasuaji, mapema. Kama mtoto wa kwanza alikuja kwa upasuaji, panga bajeti ya upasuaji. Akija kwa kawaida, mtafurahia chenji.

Mwenzangu wa kazi ya zamani alikuwa na hati za mshahara safi kabisa, makato yote yameandikwa. Usiku mkewe aliposhikwa na uchungu, karani wa mapokezi akatazama kompyuta na kusema akaunti haiko hai. Pesa zilikuwa zimekatwa kweli, lakini hazikupelekwa. Tulichanga kwa M-Pesa hadi alfajiri, mimi nikiwa na simu mbili na chaja moja. Mwajiri anatakiwa awe amepeleka makato kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Hivyo mama apige *147# mara kwa mara tangu kliniki ya kwanza, aone kwa macho yake kama akaunti iko hai. Akikuta mwanya, kuna muda wa kugombana. Usiku wa leba hakuna.

Kama mama hajaajiriwa, anauza nguo Gikomba au ana kibanda cha mboga, mchango wake hukadiriwa kwa hali ya nyumba na hulipwa kwa mwaka. Hapo ndipo pesa yako ya kwanza iende, kabla hujanunua hata kitanda cha mtoto. Bima ya binafsi ukiichukua mimba ikiwa imeshaingia huwa umechelewa, kwani nyingi zina muda wa kungoja kabla ya kugharamia uzazi.

Gharama inayosahaulika ni ya baada ya miezi mitatu. Mtoto mmoja nyanya alimudu. Wawili, mama akirudi kazini, wanahitaji dada wa kazi. Kima cha chini kwa mfanyakazi wa nyumbani Nairobi, kwa kiwango kilichowekwa mwishoni mwa 2024, ni Sh16,113.75 kwa mwezi. Weka hiyo kwenye hesabu zako za kila mwezi badala ya kutuma donge moja wakati wa kujifungua. Naye ni mwajiriwa: siku akipata mimba yake, ile miezi mitatu ni haki yake pia. Watu hawapendi nikilisema hili mezani.

Halafu kazi ya baba, popote ilipo

Shemeji hakujua kuwa anaweza kupata likizo ya baba kwa mtoto anayezaliwa Nairobi. Uingereza ni wiki mbili, na malipo kwa mwaka wa fedha 2025/26 yalikuwa pauni 187.18 kwa wiki, au asilimia 90 ya wastani wa mshahara ikiwa ni ndogo kuliko hapo. Ili ulipwe, uwe umefanya kazi kwa mwajiri huyo wiki 26 mfululizo kufikia wiki ya 15 kabla ya tarehe ya kujifungua, na taarifa itolewe kufikia wiki hiyo hiyo. Haianzi kabla mtoto hajazaliwa, kwa hiyo kata tiketi inayobadilishika. Na malipo haya hayahesabiwi kuwa fedha za umma, yaani posho na ruzuku za serikali. Mwenye viza inayomkataza kugusa fedha za umma anayapata bila wasiwasi.

Marekani, sheria ya likizo ya familia, FMLA, ya 1993 inampa baba pia wiki 12, lakini bila malipo, na kwa masharti: mwajiri awe na wafanyakazi 50 au zaidi, nawe uwe umefanya saa 1,250 katika miezi 12. Majimbo kama California na New York yana malipo yao. Walio Ghuba wasitegemee makubwa: sekta binafsi ya Falme za Kiarabu ni siku tano za kazi, Saudia ni siku tatu.

Kama mama ndiye aliye ng'ambo na mtoto atazaliwa huko, mambo yanageuka, kwa kuwa sasa pesa ya mtoto nayo ipo. Uingereza hulipa uzazi wiki 39, sita za kwanza kwa asilimia 90 ya mshahara, na mkunga hutoa cheti cha ujauzito kiitwacho MAT B1 baada ya wiki 20. Ila Uingereza huhesabu watoto: mwaka 2025/26 posho ya mkubwa ilikuwa pauni 26.05 kwa wiki, anayefuata 17.25, na ile ruzuku ya pauni 500 ya kuanzia kwa kawaida ni ya mtoto wa kwanza tu. Mwenye viza yenye katazo la fedha za umma asiguse posho hiyo. Ujerumani hulipa sawa kwa kila mtoto; mwaka 2025 ilikuwa yuro 255 kwa mwezi. Marekani hupunguza kodi hadi dola 2,200 kwa kila mtoto mwenye namba ya hifadhi ya jamii anayeishi nawe zaidi ya nusu ya mwaka. Yule uliyemwacha kwa nyanya Kitengela hayumo.

Ukifika wakati wa kutuma, bili ya hospitali ilipe moja kwa moja kwenye paybill yake ya M-Pesa, ubaki na risiti. Wa Marekani, tangu 1 Januari 2026 anayetuma kwa noti taslimu hutozwa kodi ya asilimia moja. Anayetuma kutoka akaunti ya benki au kwa kadi ya Marekani hatozwi. Na mtoto akishazaliwa, aandikishwe kabla ya miezi sita kuisha, kisha aongezwe kwenye SHA ya mama.

Shemeji alikuja kwa wiki moja, siku ya nne baada ya kujifungua. Tangu Aprili 2024 Uingereza inaruhusu wiki hizo mbili zichukuliwe mbalimbali ndani ya mwaka mmoja wa kuzaliwa mtoto, na ya pili ameiweka Novemba, dada yangu atakapokuwa anarudi kazini na dada wa kazi bado anajifunza nyumba.