Njoo na Kitabu cha 1980: Namna ya Kuingia Kwenye Wiki Yetu ya Mwaka Mmoja

Mbukwenyi! Nina stesheneri ndogo hapa Makole, Dodoma, chumba kimoja chenye mashine mbili za kutoa kopi: moja nzima, ya pili ni ya kung'olea vipuri. Juu ya ile nzima nimebandika karatasi yenye namba kubwa, 1973, na chini yake majina ya vitabu tisa. Wateja wengi hudhani ndio mwaka duka lilipofunguliwa. Wengine hudhani ndio mwaka niliozaliwa, wakaniamkia shikamoo kwa huruma. Wachache huuliza, nami nikianza kueleza foleni hufika barabarani. Ndiyo maana nimeyaandika haya, ili nikiulizwa tena nikupe karatasi badala ya hotuba.

Mchezo wenyewe ni huu. Unachaguliwa mwaka mmoja. Kwa wiki moja kila aliyejiunga anasoma kitabu chochote kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka huo, awe amekipata popote, kiwe cha aina yoyote. Wiki ikiisha tunakutana, kila mtu anasimulia cha kwake. Hatukuubuni sisi. Wasomaji wawili wa Uingereza ndio walioanza, 2015, na mwaka wa kwanza kusomwa ulikuwa 1924. Wenyewe wanafanya mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba. Sisi tumechukua Oktoba peke yake. Aprili ndiyo Bunge la Bajeti linaanza, na hapa kwetu nani atasoma wakati huo? Mmoja wetu ana gesti, mwingine anapikia wageni, mimi natoa kopi mpaka saa tano usiku. Acha Aprili ibaki ya kutafuta ada za watoto.

Kabla ya hapo tulijaribu ule mtindo wa kusoma kitabu kimoja wote. Tulikuwa watu tisa, na nakala tulizofanikiwa kuzipata zilikuwa mbili, moja imechanika kuanzia katikati. Saba waliobaki wakanigeukia mimi na mashine yangu. Nikakataa. Kurasa chache za mwanafunzi tutaelewana, lakini kitabu kizima hapana, kwa sababu mwandishi naye ana kaya inayokula. Wakanuna. Tukaanza kupokezana, kila mtu anamsubiri mwenzake amalize, na mwenzake ana msiba Kondoa, akirudi ana malaria. Wiki ya tatu kikundi kikafa bila hata kuagwa.

Mchezo wa mwaka mmoja ulitufufua kwa jambo dogo tu: watu tisa, vitabu tisa tofauti, hakuna anayemsubiri mtu. Dodoma vitabu vipo, ila viko kimoja kimoja. Kimoja maktaba ya mkoa, kimoja kabatini kwa mwalimu mstaafu wa hapa mjini, mtaa wa Kikuyu, kimoja kwenye sanduku la bibi wa mtu huko Mpwapwa. Ukitaka nakala tisa za kitabu kimoja utalia. Ukitaka vitabu tisa vya mwaka mmoja, utazunguka kidogo, utapata.

Tulianza na 1973. Alioutaja ni mzee wetu mmoja, karani mstaafu, kwa kuwa ndio mwaka TANU ilipoamua makao makuu ya nchi yahamie hapa, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa. "Tusome," akasema, "tuone dunia ilikuwa inaongea nini siku tulizoambiwa sisi ni makao makuu." Hakuna aliyebisha. Kumbishia mzee mwenye sababu nzuri kama hiyo kungekuwa utovu wa adabu.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo wageni wote huanguka, nami nilianguka wa kwanza: kuujua mwaka wa kitabu.

Nilikwenda kwa muuza vitabu vya mtumba, nikaona riwaya imeandikwa 1973 kwa herufi safi kabisa. Nikalipa bila kupatana bei. Nikaisoma siku nne, nikaandaa na maneno ya kusema. Jumamosi nikamkabidhi mzee aitazame. Akavaa miwani, akageuza ukurasa wenye jina la kitabu, akasoma mgongoni mwake taratibu, kisha akanirudishia kidole kikiwa kwenye mstari mmoja mdogo. Ile 1973 ilikuwa kilipopigwa chapa tena. Toleo la kwanza ni 1968. "Mwanangu," akasema, "jalada ni kanga, umri usiutafute hapo." Jina la hicho kitabu silitaji, watu wasije wakaninunulia zawadi.

Kwa hiyo: geuza ukurasa wenye jina la kitabu, soma nyuma yake. Ndipo mchapishaji anapoandika haki zake, anwani yake, na miaka. Ukikuta miaka mingi imepangana, chukua ule wa zamani kuliko yote. Muhuri wa maktaba si mwaka wa kitabu, ni siku kilipopokelewa. Tarehe iliyo mwisho wa dibaji si mwaka wa kitabu, ni siku mwandishi alipoweka kalamu chini, na kutoka hapo mpaka kiwandani panaweza kupita miaka. Wala mwaka wa kushinda tuzo usikudanganye. Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla ulishinda shindano miaka ya 1957 na 1958, lakini kitabu kilitoka 1960, basi kwetu ni cha 1960. Dada mmoja wa benki alikuja na kile kitabu cha Walter Rodney cha namna Ulaya ilivyoididimiza Afrika. Kitabu kizito, amekisoma mpaka amepiga mistari. Ni cha 1972. Tulimruhusu akae ale karanga, lakini hakusimulia.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa tafsiri. Mwalimu wa Kikuyu alileta Shujaa Okonkwo, ile tafsiri ya Clement Ndulute. Riwaya ya Chinua Achebe yenyewe ni ya 1958, ila kwa Kiswahili ilitoka 1973. Nusu yetu tukasema haingii, hadithi ni ya miaka 15 nyuma. Mwalimu akajibu kwamba msomaji wa Kibaigwa aliyekuwa hajui Kiingereza, kwake Okonkwo alizaliwa 1973, hakuwahi kumwona kabla. Tukapiga kura kwa kunyoosha mikono, ikapita. Tangu hapo sheria yetu ni kwamba tafsiri inahesabiwa mwaka ilipotoka kwa lugha unayoisomea. Wale wa Uingereza wakikataa, shauri yao.

Kuhusu kukipata: ukienda maktaba usiseme "naomba vitabu vya 1973." Vitabu havijapangwa kwa miaka, na mkutubi atakutazama kama mtu aliyeomba vitabu vyenye jalada la bluu. Nenda na jina. Kama huna jina, tafuta rafu yenye namba 896.392, ndiyo namba ya fasihi ya Kiswahili kwenye mpangilio wa Dewey wanaoutumia maktaba. Simama pale, toa kimoja kimoja, tazama nyuma ya ukurasa wa jina. Ni kazi ya asubuhi moja. Vitabu chakavu vyenye karatasi ya njano ndivyo vya kuanza navyo. Kisha uliza nyumbani. Uliza walimu wastaafu kabla ya watu wote. Ila kitabu cha mwalimu mstaafu kinarudi siku uliyoahidi, usituharibie.

Hata hivyo usidhani lazima kiwe riwaya ya mtu maarufu. Alikuja kijana wa bodaboda, mteja wangu wa kutoa kopi za leseni, akasema, "Mama, mimi nyumbani kwetu vitabu hakuna." Nikamwambia aulize. Mwisho wa wiki alikwenda Mpwapwa kumwona bibi yake, na ndani ya sanduku la bati, chini ya vitenge, akatoka na kijitabu kilichokunjwa mara mbili: Mtu ni Afya, 1973.

Waliokuwepo wakati ule wanaijua. Ilikuwa kampeni ya nchi nzima. Watu wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi, redio katikati, kijitabu mkononi. Kipindi kikiisha, anayejua kusoma anawasomea wasiojua, wanajadili malaria, safura, kichocho, kisha wanakwenda kuchimba choo au kufyeka nyasi zilizozunguka nyumba. Yaani huu mchezo wetu wa kusoma pamoja tuliojidai tumeuleta mjini, bibi wa Mpwapwa aliucheza kabla sijazaliwa, na wao walichimba vyoo juu yake.

Kijana alisoma kijitabu chote nyumbani kwa muda mfupi. Kisha kwa saa mbili alimhoji bibi. Nani alikuwa anasoma? Nani alikuwa anasinzia? Bibi akamtajia wote, na yule aliyekuwa akisinzia ndiye aliyemaliza choo chake kwanza. Siku ya Jumamosi hakuna aliyempiku. Mzee wetu karani, mtu wa kukatiza kila msemaji, alinyamaza mpaka mwisho, kisha akaomba kijitabu akishike.

Basi kijitabu cha kilimo cha mwaka huo, kitabu cha mapishi, cha nyimbo za kanisani, cha darasa la tatu, vyote vinaingia ilimradi mwaka unaonekana.

Ukishapata, pita dukani uandike kwenye daftari la kaunta jina lako na jina la kitabu. Hiyo ndiyo kujiunga, hakuna ada wala fomu. Tunaandika ili wawili wasilete kimoja. Kwa 1973 watatu walikimbilia Duniani Kuna Watu, kwa sababu ya mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, ikabidi aliyeandika kwanza apate.

Pima kitabu kwa wiki yako, usipime kwa hamu yako. Kitabu cha kurasa 140 ni kurasa 20 kwa siku, na siku saba hizo zina umeme unaokatika na mtoto anayehitaji kusaidiwa hesabu. Fundi cherehani mmoja alijitwisha mkusanyiko wa hotuba za Mwalimu Nyerere wa mwaka huo, Freedom and Development. Alifika robo. Alisimulia robo hiyo vizuri sana, lakini alikuwa na macho mekundu kama mtu aliyetoka kulinda shamba.

Mashairi yana namna yake. Mimi, baada ya aibu yangu, nilisogezewa siku, nikachukua Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla. Haya ni mashairi aliyoyaandika akiwa kifungoni Kenya, kati ya 1969 na 1972, mengi kwenye karatasi za chooni, kwa kuwa nyingine hakupewa. Nilianza kuyasoma kama riwaya, kurasa kwa kurasa, yakanigomea. Ni Kiswahili cha Mombasa, na sisi wa bara tuna maneno tunayoyapita kama hatukuyaona. Nikabadilisha: mashairi matatu kila usiku baada ya kufunga duka, kwa sauti, kamusi pembeni. Jirani alidhani nimeokoka. Lakini mtu anayeandika mizani iliyotimia kwenye karatasi ya kupangusia, mimi ninayeuza rimu za A4 kutwa nzima sikupata la kusema kwa muda.

Jumamosi tunakutana uani kwa mwenye gesti, chini ya mwarobaini, saa kumi jioni jua likishapungua makali. Njoo na kiti kama unacho, na jiwe dogo la kukandamizia kurasa, maana upepo wa Dodoma nao ni msomaji, hufungua anapotaka yeye. Wakubwa wanaamkiwa kwanza. Kila mtu ana dakika kumi. Usitusimulie hadithi yote mwanzo mpaka mwisho, tutakukatiza. Chagua ukurasa mmoja utusomee kwa sauti, halafu utuambie watu wa humo walikuwa wanakula nini, wanalipa kiasi gani, wanamwogopa nani. Ukifanya hivyo vitabu tisa vinaanza kuongea vyenyewe. Hujamaliza kusoma? Sema umefika wapi. Aliyesoma muhtasari wa mtu mwingine tunamjua kwa sentensi ya pili.

Oktoba hii mwaka ni 1980. Utengano ya Said Ahmed Mohamed imeshachukuliwa, mwalimu wa Kikuyu aliiandika kabla sijafunga mjadala, kwa hiyo tafuta nyingine. Yule kijana wa bodaboda amesema anarudi tena Mpwapwa, bibi ana sanduku la pili. Daftari liko kaunta, kalamu nimeifunga kwa uzi kwa sababu ninyi wateja nawajua.