Somo: kuandaa picha za satelaiti kwa ukuta wa skrini (fremu msizidharau)

Wakuu, kila wiki naulizwa lilelile, eti mbona ramani kwenye laptop ilikuwa safi halafu ukutani imekuwa ukungu. Naandika mara moja, ukiniuliza tena nakurushia hii. Mfano ni ukuta wa skrini 12 za 4K, nne kwa tatu, yaani pikseli 15,360 kwa 6,480.

1. Leta data yenyewe, yaani faili za GeoTIFF au NetCDF zenye namba halisi na mahali pake. Skrinshoti baki nayo.

2. Picha moja ya satelaiti ya Landsat (kila pikseli ni mita 30 za ardhi) ina kama pikseli 7,700 kila upande, kwa hiyo inajaza nusu tu ya ukuta. Unganisha na za jirani, usiivute iwe kubwa.

3. Tengeneza piramidi, yaani nakala zilizopunguzwa za picha hiyohiyo, la sivyo kila ukisogeza unasubiri. Amri ni ya GDAL, programu ya data za ramani: gdaladdo -r average picha.tif 2 4 8 16

4. FREMU. Hapa ndo niliumbuka. Nawaonyesha wanajiolojia mpasuko wa ardhi, unakata mshazari kutoka skrini moja kwenda ya pili, na fidia ya fremu (mpangilio unaoihesabu fremu kama sehemu ya picha) sijawasha. Skrini zimeachana sentimita mbili ila picha inaendelea kama hakuna pengo, basi mstari ulionyooka unaonekana umekatika na kuhamia pembeni. Mzee mmoja akasimama akatueleza ardhi ilivyoteleza pale, kaeleza weee, mpaka niliposogeza picha na huo mtelezo ukabaki palepale kwenye fremu. Ukumbi kimya. Kwa hiyo washa fidia, na pengo pima kwa rula, kuanzia mwanga unapoishia hadi unapoanza tena. Skrini ya inchi 55 ya 4K ina kama pikseli 3 kwa milimita, milimita 20 ni pikseli 60 zinazofichwa nyuma ya fremu. ZINAFICHWA, hivyo jina la kituo usiliweke hapo. Ukiona cha ajabu, sogeza picha kwanza ndo mbishane.

5. Rangi za upinde wa mvua achana nazo, ile njano inaruka machoni hata namba zikiwa hazijabadilika sana. Viridis, mpangilio wa rangi unaobadilika sawasawa na namba, inatosha.

MASWALI

– Mkuu mi nina PDF, itakubali?
Hatua ya 1.

– Sasa kama hatuvuti, ukubwa wa ukuta una faida gani?
Unaona eneo kubwa na undani wake kwa pamoja. Kuvuta hakuongezi data, mita 30 ni mita 30. Nimeshaandika.

– Ramani yangu ya matumizi ya ardhi ina 1 msitu, 2 shamba, 3 maji. Nikiitazama yote kwa pamoja, mashamba yanatokea ukingoni mwa ziwa, nikisogea karibu yanapotea!
Swali zuri sana hili, na kosa ni langu sikusema. Hiyo average ya hatua ya 3, ikipunguza picha, inachukua msitu 1 na maji 3, inagawa kwa mbili, unapata 2, shamba limezaliwa. Data za makundi tumia -r nearest (inachukua pikseli moja ya jirani) au mode (inachukua namba iliyo nyingi zaidi). Anza na gdaladdo -clean picha.tif kufuta piramidi za zamani.

– Aisee! Na mshale wa mausi unanipotea kabisa.
Uongeze ukubwa mara nne.

– Mi huwa naweka duara jekundu kuuzunguka. Halafu wageni waambieni wasogee, wengi wanaganda mlangoni, wakati pikseli za hivyo zinaanza kutofautishika ukiwa kama mita 1.